Tupeane uzoefu: Yanayotukuta mlangoni mwa daladala sisi wa magongo, kiti mwendo na fimbo nyeupe

Habari za jioni wanajamvi. Natembelea magongo mawili tangu utotoni, polio. Naishi Mbagala, kazi Kariakoo. Foleni naivumilia kama kila mtu. Kinachonimaliza ni ngazi ya Coaster, inanifika karibu na goti, na konda anagonga bodi "twende!" kabla gongo la pili halijaingia.

Juzi mvua ilinyesha. Raba ya gongo la kushoto ilikuwa imelika hadi chuma kimetokeza, nikakanyagia kwenye bati lililolowa, likateleza. Mama muuza vitumbua alitua beseni lake kwenye tope akanidaka kwapani. Konda akasema, "Mzee, si usubiri la nyuma?" La nyuma nalo limejaa hadi mlangoni.

Siku hizi napanda kinyumenyume: nakaa kwenye ngazi ya chini, najivuta kwa mikono. Magongo nampa abiria aliyekaa, maana konda akiyashika anaondoka nayo hadi siti ya nyuma. Wenzangu mnafanyaje?

Mama wa Kimara
Mwanangu ana mtindio wa ubongo, ana miaka 11 na mwili umeshakuwa mkubwa. Nilimbeba mgongoni kwa kanga hadi kiuno kikagoma. Siku moja nilimpeleka kwenye mabasi ya mwendokasi na kiti mwendo chake. Sakafu ya basi iko usawa na jukwaa la kituo, nikasukuma tu, tukawa ndani. Sikumnyanyua! Alicheka, mimi nikalia mbele za watu. Kazi imebaki kutoka nyumbani hadi kituoni: mtaro hauna mfuniko, natafuta vijana wawili wa bodaboda wakivushe kiti. Mungu awabariki, hawajawahi kunidai hata mia.

Fimbo Nyeupe
Mimi sioni. Kupanda naweza, shida ni kujua nimefika wapi. Nahesabu matuta na kunusa. Feri naijua kwa samaki. Dereva akichepuka kukwepa foleni, hesabu yangu yote imeharibika. Naomba makonda watajeni vituo hata kama hakuna anayeshuka. Na wewe unayetaka kunisaidia, usinivute fimbo. Nisemeshe kwanza, kisha nipe kiwiko chako nikishike.

Kiziwi wa Tabata
Mimi naandika kituo kwenye simu, namwonyesha konda nikiwa bado chini. Chenji akisahau ndiyo imeenda, hanielewi. Sasa natoa nauli kamili.

Mkaazi wa Likoni
Huku Mombasa makanga aliniambia, "Wewe na hicho kiti ni watu wawili." Nikalipa nauli mbili, roho inaniuma. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 54, inatupa haki ya kufikia usafiri wa umma. Kwenye feri nateremka na kiti changu mwenyewe, ila maji yakipwa ule mteremko huwa mkali, lazima mtu anishikie nyuma. Matatu hadi leo nanyanyuliwa kama gunia.

Konda wa zamani
Nimesoma yote. Nilikaa mlangoni miaka sita, njia ya Temeke. Niwaambie ukweli: tajiri, yaani mwenye gari, anataka hesabu yake (fedha ya kila siku) jioni, upate usipate. Kila dakika mnayosimama kituoni ni abiria wanaochukuliwa na gari jingine, na suka (dereva) anakupigia honi kama wewe ndiye mchelewaji. Basi nikiona kiti mwendo nilikuwa natazama pembeni. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya hapa Tanzania ipo tangu 2010, na katika miaka yote ile hakuna tajiri wala suka aliyenitajia. Hesabu ikibaki vile vile, konda ataendelea kukimbia. Niliowaacha kituoni, naomba mnisamehe.

Mwanzisha mada
Konda, nimekusamehe, kwa dhati kabisa. Hilo la hesabu sikuwahi kulifikiria, kumbe tunapaswa kuzungumza na wenye magari pia, tusiishie kugombana na vijana mlangoni.

Walioniuliza PM kuhusu raba: fundi viatu wa hapa mtaani amenikatia kipande cha tairi, akakitoboa shimo la saizi ya gongo na kukigundisha. Nimekijaribu leo kwenye bati lililolowa, kinashika.