Mrejesho: Mwani wetu umepata soko jingine

Wapendwa, niliuliza sisi akina mama wa Paje, Unguja, tufanye nini na mwani wa aina ya spinosamu, ambao wanunuzi wa kusafirisha nje wanautaka mkavu tu, kwa bei ya kutupa. Mliosema tuusage tutie kwenye sabuni, ahsanteni mno! Tunaanika kwenye chanja, si chini, maana mchanga ukiingia sabuni inakwaruza ngozi. Tunachanganya mafuta ya nazi, kostiki soda, unga wa mwani na mafuta ya karafuu, kisha tunaiacha wiki 4 hadi 6 ikomae. Msiharakishe hapo! Kotonii, aina nyingine ya mwani, ina bei nzuri zaidi, ila maji ya bahari yakipata joto inakufa. Sasa tunafuatilia alama ya ubora ya ZBS (Taasisi ya Viwango Zanzibar) ili tuuze madukani mjini.