Naomba ushauri: Skeletor wa mtumba, ni wa kweli au bandia?

Asalaam aleikum ndugu zangu. Kijana wangu ampenda sana Skeletor, adui wa He-Man wa kwenye katuni, na nimempata mwanasesere wake mmoja kwenye mitumba Kongowea kwa shilingi 1,500. Mgongoni ameandikwa Mattel (kampuni ya wanasesere hawa) 1981, ilhali najua wanasesere hawa walianza kuuzwa 1982. Ukimpindisha kiuno, chajirudisha chenyewe, hilo limenifurahisha. Lakini rangi ya jicho imemwagikia shavuni, na mguu wa kushoto waning'inia kabisa, hasimami mpaka umuegemeze. Nimesugua uso kwa kitambaa cha maji, rangi haikutoka. Muuzaji kanishikia hadi Jumamosi.

Je, mwaka huo wa mgongoni ni dalili ya bandia? Na mguu uliolegea hivyo, waweza kukazwa bila kumpasua?