Pangani, Kilwa au Mafia: safari ipi inaacha faida kijijini?

MamaKiboriloni (Moshi)
Wakuu, habari za leo. Kikundi chetu cha akina mama kimeweka akiba, na likizo ya Juni tunataka kuwapeleka watoto pwani. Desemba hatuwezi, mnajua wenyewe nyumbani panavyojaa. Hatutafuti hoteli kubwa yenye geti. Tunataka kijiji kidogo ambako hela yetu itamfikia mvuvi na mama ntilie, na isaidie mikoko na magofu yasipotee. Sisi wa mlimani tunalijua hili: mgeni anaweza kulipia safari yote ya Kilimanjaro kwa kampuni ya mbali, Marangu ikaambulia vumbi la magari. Sitaki tukawafanyie wenzetu hivyo. Tumebaki na Pangani, Kilwa Kisiwani na Mafia. Naomba ushauri.

Mjukuu_wa_Babu
Kilwa, dada, bila kusita. Msikiti Mkuu ulianza kujengwa karne ya 11, jumba la Husuni Kubwa ni la karne ya 14, na msafiri Ibn Battuta alifika pale mwaka 1331. UNESCO iliyaweka magofu hayo na ya Songo Mnara kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakaingia orodha ya urithi ulio hatarini, kuta zinaanguka na mawimbi yanakula ufuko. Yakatolewa humo 2014, baada ya ukarabati ambao wenyeji wenyewe walifundishwa na kushika mwiko wa uashi. Ukivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, ukachukua mtembeza wageni wa kisiwani na kuagiza chakula kipikwe hukohuko, umewapa sababu ya kuendelea kuzilinda kuta zile.

Kihamba
Nakubali uzito wa Kilwa, ila Mama ana watoto. Ukishafika Dar bado una kama kilomita 300 kwenda kusini. Hiyo ni safari ya watu wazima.
Mafia naipenda zaidi: hifadhi ya bahari ya kwanza nchini, tangu 1995, na ndani yake kuna vijiji vinavyoishi na kuvua. Kisiwa cha Chole kuna popo wakubwa, kisiwa cha Juani kuna magofu ya Kua. Lakini Juni ni msimu wa upepo wa kusi, bahari inachafuka, na papa potwe huonekana zaidi kuanzia Oktoba hadi Machi. Mafia iwekeni ya mwaka mwingine.

Mwalimu_UsaRiver
Nimefundisha Pangani, kwa hiyo nivumilieni nikirefusha.
Mto Pangani ni wetu. Kikuletwa unatoka upande wa Meru, Ruvu upande wa Kilimanjaro, inakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha maji yanashuka kupitia Korogwe hadi baharini. Tunavyoyatumia sana huku juu, ndivyo maji ya chumvi yanavyopanda mtoni kule chini, na wakulima wa minazi wameyaona madhara yake. Watoto wa Moshi wakisimama kwenye kivuko cha Bweni wataelewa kitu ambacho darasani nilihangaika kukieleza.
Halafu kuna kisiwa cha Maziwe. Zamani kilikuwa na miti, na kasa walitaga humo. Miti ikaisha, bahari ikakila, leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Mayai yakiachwa pale yanaoza, ndiyo maana huhamishiwa ufuko wa Ushongo na kulindwa. Baada ya kama miezi miwili mchanga unaanza kutikisika, kinatoka kichwa kimoja, kisha vitoto vya kasa vinafumuka kwa pamoja, kila kimoja kinaenea kiganjani, vyote vinakimbilia maji. Msiwashe tochi, msiwashike.
Mvuvi anayepata riziki kwa kuwapeleka wageni Maziwe hatanyamaza akisikia mlio wa baruti ya wavuvi haramu. Matumbawe yakivunjwa, na kazi yake imekwenda. Faida hiyo naiamini kuliko hotuba yoyote.
Na mjini kwenyewe kuna Boma na nyumba za kale, nyingine zinabomoka. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani Desemba 1889 baada ya kuwapinga Wajerumani. Chukueni kijana wa pale awatembeze na kuwasimulia, mumlipe vizuri.

Nuru_Njiro
Mwalimu kasema kweli, ila niongeze upande wa pili. Wageni wanaharibu pia. Nimeona watu wanasimama juu ya matumbawe wapigwe picha, na chupa za plastiki zinabaki mchangani. Msinunue makome makubwa wala kitu chochote cha gamba la kasa, hata muuzaji akilia shida. Kasa analindwa kisheria. Kanunueni mkeka wa ukili, samaki, nazi. Na mkipita mitaani mjifunge kanga, ni mji wa watu wa dini.

MamaKiboriloni (Moshi)
Asanteni sana jamani. Nimewasomea wenzangu, tumekubaliana Pangani. Habari ya mto imewagusa wote, maana tunamwagilia migomba kwa maji hayohayo. Mwalimu, chakula tunapangaje?

Mwalimu_UsaRiver
Mama, agizeni siku moja kabla. Mama ntilie hanunui samaki wa watu wengi bila uhakika. Mkimpa kianzio jioni, alfajiri atakuwa ufukweni kuwangoja wavuvi. Bebeni noti ndogondogo. Na piteni njia ya Tanga mjini badala ya kukatia Muheza, ili mshuke Tongoni mwone msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo. Mwambieni dereva mapema, maana wengi hupita pale bila kusimama.