Nimepewa kuandika wasifu wa mzee wetu, naandika nafuta tu, nisaidieni

Mtoto wa Kati
Wakuu habari zenu. Mzee wetu katutoka juzi, kesho kutwa tunazika, na kikao cha familia kimeniangushia mimi kuandika wasifu na kuusoma, eti sababu mimi ndo mwenye maneno. Tangu jana usiku naandika nafuta. Nilichonacho mpaka sasa ni alizaliwa, akasoma, akaoa, alikuwa mchapakazi, aliipenda familia yake, ameacha mjane na watoto watano. Nikirudia kuusoma naona hata ukimweka mzee mwingine yeyote unamkaa vilevile.

Afu kuna hili. Mzee alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma zaidi ya miaka 30, anatoka hatujaamka anarudi giza limeingia. Dada yetu mkubwa anataka iandikwe kwamba alikuwa baba wa karibu sana na watoto. Kitindamimba wetu kachukia, anasema huo uongo, karibu gani wakati hata jumapili alikuwa na kazi za watu. Mi nipo katikati na wote nawaelewa. Nifanyeje jamani, nimepewa dakika tano.

Kalamu Butu
Pole sana mkuu. Nimeshaandika wasifu tatu kwenye ukoo wetu na sijaona mtu akilizwa na sifa. Futa neno mchapakazi kila lilipo uone kinabaki nini, kama hakibaki kitu basi bado hujaanza kuandika. Ulizia watu, ila usiulize alikuwa mtu wa namna gani, utajibiwa mpole, mcheshi, basi. Uliza akirudi kazini alianza kufanya nini, kitu gani alikuwa hataki kiguswe. Na wale wenzake wa karakana usiwaache, yule wanayemjua wao huenda nyinyi hamjawahi kumwona.

Mzee wa Maiki
Mi nakupa ya ufundi tu. Herufi saizi 16, mistari iachane, chapa upande mmoja wa karatasi, kurasa zipe namba maana zikianguka utatafuta pa kuanzia mbele za watu. Usisomee kwenye simu, kioo kitajizima katikati ya sentensi. Jipime kwa kusoma kwa sauti na saa mkononi, ukisoma kimya utadhani ni dakika mbili kumbe saba. Chapa kopi ya pili umpe mtu akae mbele, ukikwama anainuka anamalizia. Majina na tarehe toa kwenye vyeti siyo kwenye vichwa vya watu, kwetu tuliruka jina la mtoto mmoja kwenye orodha na mpaka leo salamu ni za shingo upande.

Spana Mkononi
Poleni na msiba. Mi mwenyewe nachomelea. Mkuu hebu kumbuka vizuri, mzee hakuwa anaumwa macho usiku? Ule mwanga ukikupiga mchana wala husikii kitu, ni masaa kadhaa baadaye ndo unaanza, kama mtu kakumwagia mchanga machoni, machozi yanatoka, taa hutaki kuiona. Wanangu wanajuaga baba kanuna.

Mtoto wa Kati
Spana umenikalisha chini. Alikuwa anaingia chumbani anazima taa, analala chali na kitambaa kibichi usoni, sisi tunaambiwa msimsumbue baba. Lakini mlango haufungi. Anatuita mmoja mmoja tusimame hapo koridoni penye taa tumsomee kitabu cha shule, ukikosea neno anasema "rudia", kitambaa hatoi. Mi miaka yote najua alikuwa anatupima tu, sikuwahi kuwaza kwamba yule mtu alikuwa hawezi kufungua macho na bado anatuita. Nimempigia mdogo wangu nikamuuliza unaikumbuka "rudia", kakaa kimya weee, afu akasema mimi nilikuwa naruka mstari makusudi nione kama anasikiliza, na alikuwa ananikamata kila mara.

Shangazi Mkali
Mwanangu hapo umepata wasifu, ila msimgeuze malaika. Andika sentensi moja tu kwamba hakuwa anashinda nyumbani, iache hivohivo bila kuiremba, afu ndo uje na huo mlango. Ugomvi wenu usiupeleke kwenye maiki. Na kabla ya yote mkasomee mama yenu, nyie mmefiwa na baba yeye kafiwa na mume, asije akasikia maneno ya nyumbani kwake kwa mara ya kwanza akiwa mbele ya watu.

Mtoto wa Kati
Mrejesho wakuu. Tumeshamzika mzee. Mama nilimsomea jana yake usiku, akasikiliza mpaka mwisho, akaniongezea kitu kimoja, kwamba kile kitambaa yeye ndo alikuwa anakilowesha, na kila mara anamwambia baba watoto wasiende leo, lala, baba anamjibu wakishamaliza. Nikaiweka kama ilivyo. Dada hakubisha tena.

Nilienda vizuri mpaka kwenye "rudia", hapo sauti ikagoma kabisa. Kopi ya pili nilimpa kitindamimba, akainuka akasoma paliponishinda, na katikati akaruka mstari. Dada kwa sauti ya chini akasema "rudia". Watu wa nyuma hawakuelewa kwanini wafiwa wote watano wameangua kicheko.