Hati ya kampuni ya Kijapani: nani anasaini, na huyu "kansayaku" ni mkaguzi wa hesabu?

Ufuta_Kongwa
Habari zenu wakuu. Kampuni ya wakulima huku Kongwa imepata mnunuzi wa ufuta wa Osaka. Katuma mkataba ukiwa tayari na saini upande wake, pamoja na hati ya usajili na tafsiri. Jina linaanza na "Yugen Kaisha" (aina ya kampuni ndogo ya Kijapani), mtaji yeni 3,000,000. Kuna wakurugenzi wawili, halafu kuna wa tatu anaitwa "kansayaku". Mfasiri kaandika "mkaguzi wa hesabu". Aliyesaini ni huyo wa tatu. Na kuna mtu anasema Yugen Kaisha zilifutwa tangu 2006. Tusaini?

Wakili_Makole
Msisaini kwanza. Kansayaku kazi yake ni kuwachunga wakurugenzi. Anachaguliwa na mkutano mkuu wa wanahisa, na sheria inamkataza kuwa mkurugenzi au mwajiriwa wa kampuni hiyohiyo. Hana mamlaka ya kununua hata gunia moja kwa jina la kampuni.

Tafsiri nayo inapotosha. Mkaguzi wa hesabu tunayemjua sisi, mhasibu mwenye leseni, kule anaitwa kaikei kansanin, na aliingizwa kwenye kampuni kubwa mwaka 1974. Kansayaku hahitaji cheti chochote, tena ni wa zamani: yumo kwenye Sheria ya Biashara ya 1899, iliyofuata mkondo wa Kijerumani. Bodi ya wakurugenzi ndiyo mgeni. Ilikuja na marekebisho ya 1950, wakati Japani ikiwa chini ya Wamarekani baada ya vita, ikapachikwa bila kumng'oa kansayaku. Nyumba ya vyumba vya kuongezea.

Mzee_wa_Hati
Wakili yuko sawa, ila kwa Yugen Kaisha mfasiri hakukosea sana: humo kansayaku huishia kwenye hesabu tu, hasimamii mwenendo wa wakurugenzi. Kusaini bado hawezi.

Kuhusu kufutwa: si kweli. Sheria ya Yugen Kaisha ilitungwa 1938 kwa ajili ya biashara ndogo. Sheria mpya ya Makampuni ilipoanza tarehe 1 Mei 2006, kufungua mpya kukakoma, lakini zilizokuwepo ziliendelea na jina lao. Huo mtaji unasema umri: marekebisho ya 1990 yaliweka kima cha chini cha yeni 3,000,000 kwa Yugen Kaisha na 10,000,000 kwa kampuni ya hisa, kabushiki kaisha. Kima hicho kiliondolewa 2006, leo yeni 1 inatosha. Kwa hiyo tazama tarehe ya kuanzishwa. Ikiwa ni baada ya 1 Mei 2006, hati hiyo ni ya kughushi. Miaka yao huandikwa kwa enzi ya mfalme: Heisei 18 ndiyo 2006, na wafasiri wengi huchanganya hapo.

Sasa shika hati ya Kijapani yenyewe, siyo tafsiri. Kwenye hati yenye historia, maneno yaliyopigiwa mstari chini yamefutwa. Mkurugenzi aliyeondoka jina lake linabaki pale na mstari wake, na mfasiri asiyejua huliandika kana kwamba bado yumo. Hesabu upya hao wawili. Kama wote wapo na hakuna aliyeandikwa "daihyo torishimariyaku", yaani mkurugenzi mwakilishi, yeyote kati yao anaweza kusaini peke yake. Akiandikwa mwakilishi, ni huyo tu.

Mwisho omba hati ya muhuri kutoka ofisi ya usajili, yaani inayothibitisha muhuri wa kampuni uliosajiliwa, pamoja na hati mpya ya usajili, zote mbili zisizidi miezi mitatu tangu zitolewe. Muhuri ulio kwenye mkataba ulingane na wa hati mpaka ukingo. Saini ya kalamu peke yake kwao haina uzito tuliouzoea. Mabadiliko ya wakurugenzi wanatakiwa kuyasajili ndani ya wiki mbili, lakini kampuni ndogo huchelewa, ndiyo maana hati ya mwaka jana haifai.

Mwana_UDOM
Samahani wakuu, nadandia. Kwa nini wasimwondoe tu kansayaku wakaweka wakurugenzi wa nje?

Wakili_Makole
Wamejaribu, kwa hiari. Tangu 2003 kampuni kubwa inaweza kuacha kansayaku ikawa na kamati tatu: uteuzi, ukaguzi na malipo. Wachache walifuata, maana wakuu wa kampuni hawakupenda watu wa nje wawapangie warithi na mishahara. Mwaka 2015 ikaja njia ya katikati, kamati moja ya ukaguzi na usimamizi, na hiyo ndiyo iliyovuta wengi. Mwaka huohuo soko la hisa la Tokyo likatoa kanuni za utawala: fuata au eleza kwa nini hukufuata. Mkurugenzi wa nje akawa lazima kwa kampuni kubwa zilizoorodheshwa kuanzia Machi 2021, na kwenye Prime, daraja la juu la soko hilo, kanuni zinataka angalau theluthi ya bodi iwe huru.

Ila usiiamini sana karatasi. Toshiba, kampuni ya vifaa vya umeme, ilikuwa na kamati zote tatu tangu 2003, na bado hesabu zilipikwa kwa miaka mpaka ikafichuka 2015. Mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi alikuwa mkuu wa zamani wa fedha wa kampuni hiyohiyo, akikagua mambo yaliyopita mezani kwake.

Ufuta_Kongwa
Asanteni sana. Nimetazama: imeanzishwa Heisei 6, yaani 1994, hapo tuko salama. Lakini mkurugenzi mmoja kati ya wawili ana mstari chini. Tunawarudishia mkataba asaini yule aliyebaki, na aambatanishe hati ya muhuri.