Boma la Lugari 🌽 (watu 34)

JUMAPILI

Nekesa Nakuru, 19:06
Habari za jioni ndugu zangu, natumai ibada zilikuwa njema. Hii naomba isomwe mpaka mwisho, si kuweka dole gumba na kupotea. Mnajua kitambulisho cha Mama kimeandikwa alizaliwa 1962. Na mnajua si kweli. Sasa pesa za wazee, ile 2,000 ya kila mwezi, ni za waliofikisha miaka 70. Chifu amemwambia Mama uso wake ni wa 70 lakini kompyuta haioni uso. Kwa hivyo tunarekebisha. Alhamisi hii. Nimeshaomba ruhusa kazini.

Nekesa Nakuru, 19:09
Kinachotakiwa: kitambulisho chenyewe, barua ya chifu, hati ya kiapo, na karatasi yoyote ya zamani yenye mwaka. Ada ya kubadilisha maelezo ni 1,000. Wakili wa kiapo ana yake. Kila nyumba itoe 500, mtume kwa namba yangu ile ile.

Nekesa Nakuru, 20:31
Mko? Naona tiki za bluu kumi na tisa.

Simiyu Kisumu, 20:33
Hesabu nimepiga. Kitambulisho kinasema Mama alimzaa Wafula akiwa na miaka 11. Wafula wewe ni muujiza 😂

Masinde wa Mjomba, 20:34
😂😂😂 ndio maana alianza kuota mvi darasa la tano

Wafula, 20:40
Chezeni tu.

Simiyu Kisumu, 20:41
Na pale jikoni shuleni walimstaafisha 2022 akifikisha "60". Kumbe alikuwa anakoroga ugali wa watoto wa watu akiwa na 68. Tusije tukaambiwa turudishe mshahara wa miaka minane.

Nekesa Nakuru, 20:44
Simiyu umetuma 500?

Simiyu Kisumu, 20:44
Mtandao unasumbua huku ziwani

Mama Brayo, 21:15
Amina 🙏🏾

Nekesa Nakuru, 21:16
Amina ya nini Mama Brayo? Sijaomba.

JUMATATU

Nasimiyu Kakamega, 06:12
Poleni, nilikuwa zamu ya usiku. Kadi ya ubatizo pia huwa wanakubali. Mama hana?

Simiyu Kisumu, 06:50
Sisi ni Kanisa la Marafiki tangu Kaimosi. Kwetu hakuna kumwagiwa maji. Mama amelowa kwa mvua tu.

Masinde wa Mjomba, 07:22
Si mmchukulie tu cheti cha kuzaliwa, mpeleke hicho, mambo yaishe.

Nekesa Nakuru, 07:30
Masinde, unafikiri hilo sijalifikiria? Nilienda. Kuandikisha kuzaliwa kwa kuchelewa, wananiuliza kitambulisho cha mama yako kiko wapi, tufuate mwaka uliomo. Nikaenda kwa upande wa vitambulisho, wananiuliza cheti cha kuzaliwa kiko wapi. Nimesimama hapo katikati kama mbuzi wa kamba mbili.

Nasimiyu Kakamega, 07:41
Hospitali ya serikali inaweza kukadiria umri. Ila kwa mtu mzima ni kukadiria tu, wanaangalia meno na mifupa. Daktari hataandika tarehe.

Simiyu Kisumu, 07:43
Meno yapi 🙈

Kevo (niko na Mama), 07:58
Mama amesikia hiyo ya meno. Anasema Simiyu akija Desemba asiulize kuku.

Simiyu Kisumu, 08:20
Mama nisamehe. Lakini jamani kuna kijana mmoja hukaa pale nje ya ofisi, anasema elfu tano tu, wiki mbili umeshika kadi mpya yenye chipu.

Nekesa Nakuru, 08:22
HAPANA. Tulishampa "kijana" pesa. Trakta iko wapi?

Masinde wa Mjomba, 08:25
Trakta imeingiaje hapa?

Nekesa Nakuru, 08:26
Nimetoa mfano.

Masinde wa Mjomba, 08:26
Huo si mfano, huo ni mwiba. Kila mara.

Wafula, 08:40
Turudi kwa Mama. Mimi nakumbuka Mama alimaliza darasa la saba, na cheti alikuwa nacho, cha 1969. Kina lile doa la mafuta ya taa pembeni. Mwenye kitambulisho cha 1962 amalize darasa la saba akiwa na miaka 7? Hata karani mkaidi hicho atakielewa. Kiko wapi?

Kevo (niko na Mama), 08:52
Anasema kiko kwa sanduku la bati la Kuka, baba yake.

Wafula, 08:53
Na sanduku la bati liko kwa Mjomba.

Nekesa Nakuru, 08:55
Mjomba Barasa shikamoo. Tunaomba kile cheti cha Mama kilicho kwa sanduku. Pia tunaomba wewe ndiye uape, kwa sababu wewe ndiye mkubwa aliyebaki hapo nyumbani.

Wafula, 08:57
Nekesa hebu ngoja. Mjomba ataapaje? Yeye ni mdogo kwa Mama. Mtu anaapia vipi kuzaliwa kwa mtu aliyemkuta duniani?

(kimya)

Nekesa Nakuru, 13:10
Mjomba naona umesoma.

Nekesa Nakuru, 17:45
Mjomba?

MJOMBA BARASA, 18:02
NIMEONA

JUMANNE

Nekesa Nakuru, 05:48
Waliotuma: Wafula 500, Nasimiyu 500, Mama Brayo 300. Mungu awabariki. Simiyu ziwa bado limekataa?

Simiyu Kisumu, 07:15
Naingia benki saa nne

Wafula, 07:31
Acha niseme jambo moja halafu ninyamaze. Hiyo 1962 haikushuka kutoka mbinguni. 1980 wanawake walipoanza kuandikishwa vitambulisho, Mama alikuwa na watoto watatu. Mimi nilikuwa na miaka 7, nakumbuka kile kibanda cha picha, shuka jeupe limetundikwa kwa mti wa mparachichi. Karani wa naibu wa chifu alikuwa nani? Fomu za boma lote zilijazwa na nani?

Wafula, 07:33
Halafu 1995 walipobadilisha vitambulisho, wakanakili ile ile.

Wafula, 07:36
Halafu Kuka alipofariki, kwa karatasi za mirathi kifungua mimba akawa nani? Sisemi kitu. Nauliza tu.

Nasimiyu Kakamega, 07:37
Wafula tafadhali.

Masinde wa Mjomba, 07:39
Kumbe ni shamba. Semeni ni shamba. Mnazunguka na pesa za wazee na lengo ni ekari.

Nekesa Nakuru, 07:40
Hakuna aliyesema shamba!!! Wafula uko na mdomo. Sasa nitampata Mjomba vipi?

Simiyu Kisumu, 07:42
Nimeuza pistoni mbili asubuhi hii kwa bei ya hasara kwa sababu ya kusoma hiki kikundi.

MJOMBA BARASA, 09:14
NILIANDIKA NILIVYOAMBIWA. MULIZENI DADA YANGU MWENYEWE ALISEMA NINI

Kevo (niko na Mama), 09:30
Mama anasema yeye alikuwa anapalilia mahindi, Mjomba akaja na fomu mpaka shambani. Akamwambia andika unavyojua. Anasema hakuuliza ni nini kilichoandikwa.

Kevo (niko na Mama), 09:31
Pia anasema yeye hajaomba kuzeeshwa na mtu. Hiyo miaka minane mnayomrudishia ataipeleka wapi.

Simiyu Kisumu, 09:33
😂 Mama aishi maisha marefu

Nekesa Nakuru, 09:50
Nimeongea na wakili hapa Nakuru. Anasema kiapo kizuri ni cha mtu aliyekuwepo, mkubwa kwa Mama. Aliyebaki ni Kukhu Rasoa tu, shangazi ya Mama. Bonie, uko Kimilili na Kukhu? Muulize Mama alizaliwa lini. Mimi kwa fomu nimeshaweka 1 Januari 1954. Tunataka tu athibitishe.

Binamu Geoffrey Dubai, 11:02
Mambo vipi familia. Nani amekufa?

Mama Brayo, 11:05
Hakuna. Ni kitambulisho.

Binamu Geoffrey Dubai, 11:05
Sawa. Poleni.

Bonie (mjukuu wa Kukhu Rasoa), 16:20
Kukhu amekataa niandike kwa ufupi. Amesema niandike anavyosema na nisiongeze changu. Haya:

Bonie (mjukuu wa Kukhu Rasoa), 16:27
"Ndugu yangu, baba yao, alikuwa kibarua Jinja, kwenye lile bwawa. Alibeba zege mpaka bega likapinda, mlimwona nalo mpaka kufa. Mimi nilipelekwa huko nimsaidie mkewe, nilikuwa msichana. Tabitha alizaliwa hukohuko Jinja, chumba cha mabati, na mimi ndiye niliyeshika taa. Malkia alipokuja kufungua bwawa, vibarua walipewa nyama. Nilikuwa nimembeba Tabitha. Alikuwa anakaa ukimwegemeza, hajatambaa. Barasa alizaliwa tulipokuwa tumesharudi Kimilili, nami nimeshaolewa. Tabitha ndiye mkubwa. Hilo si la kuuliza karani."

(kimya)

Nasimiyu Kakamega, 16:41
Yesu wangu. Jinja?

Simiyu Kisumu, 16:42
Yaani Mama ni wa Uganda 😳

Nekesa Nakuru, 16:43
Simiyu FUTA HIYO. Kuna watu 34 hapa.

Simiyu Kisumu, 16:44
Ujumbe huu umefutwa

Wafula, 16:58
Nimetafuta. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa na Malkia Elizabeth Aprili 1954. Mtoto anayekaa kwa kuegemezwa ana miezi mitano, sita hivi, Nasimiyu si ndiyo? Basi Mama ni wa mwisho wa 1953. Si 1954.

Nasimiyu Kakamega, 17:03
Minne mpaka sita. Ndiyo.

Nekesa Nakuru, 17:05
Fomu nimeshajaza 1954!

Nekesa Nakuru, 17:08
Sikilizeni. 53 au 54, yote yanampita 70, hatutapigania hapo. Lakini hiyo ya Jinja haiingii kwa kiapo. Kitambulisho kinasema amezaliwa Kakamega, kikae hivyo. Tukianza Jinja wataanza kuuliza baba yake aliingia lini, alitoka lini, mpaka tutaambiwa twende uhamiaji. Bonie mwambie Kukhu aseme tu mwaka, mahali aache.

MJOMBA BARASA, 17:30
SASA MMEELEWA

MJOMBA BARASA, 17:41
1976 AMIN ALISEMA HUKU KWETU KOTE NI UGANDA. MIAKA MINNE BAADAYE NDIYO FOMU. MTU AKIULIZWA UMEZALIWA WAPI AKISEMA JINJA ALIKUWA ANAJITAFUTIA. NILIMWANDIKA MAHALI PA KARIBU NA MWAKA WA KARIBU. NDIVYO WENGI TULIFANYA

Wafula, 17:50
Mahali nimeelewa, Mjomba, na nashukuru. Mwaka je? Jinja inafutwa kwa kuandika mahali pengine. 1962 ilikuwa ya kufuta nini?

(kimya)

Masinde wa Mjomba, 18:15
Mzee amezima simu. Mmefurahi?

Nasimiyu Kakamega, 18:40
Nekesa, kwa Katiba ya 2010 hata ukizaliwa nje, mzazi mmoja akiwa Mkenya wewe ni Mkenya wa kuzaliwa. Tusiogope Jinja kiasi hicho.

Nekesa Nakuru, 18:42
Katiba haikai pale dirishani kunihudumia, dada.

Bonie (mjukuu wa Kukhu Rasoa), 19:55
Nimemsomea Kukhu yote. Amenyamaza sana. Halafu amesema:

Bonie (mjukuu wa Kukhu Rasoa), 19:57
"Mnanitaka nishike Biblia, niseme mwaka niufiche mji. Uongo wa kwanza aliuandika kijana mwenye hofu. Huu wa pili mnataka kuuweka kwenye mdomo wangu, na mimi naelekea kwa hao waliokuwa Jinja. Nitaapa yote au sitaapa. Na Barasa afungue sanduku la kaka yangu. Asipolifungua nikiwa hai, asilifungue siku ya kunizika."

(kimya mpaka asubuhi)

JUMATANO

Mama Brayo, 06:30
🙏🏾

Nekesa Nakuru, 08:05
Nimelala vibaya. Sawa. Kiapo kitakuwa na Jinja. Wakili anasema kuapa uongo ni kesi, kwa hivyo Kukhu ametuokoa pengine. Kiapo kinaanza upya na pesa ni upya. Kukhu hawezi kusafiri, kwa hivyo ni sisi tumfuate Kimilili, au tutafute wakili wa hukohuko. Nani yuko karibu?

Nekesa Nakuru, 09:40
Nani yuko karibu na Kimilili jamani?

Simiyu Kisumu, 10:11
Nimetuma 200. Ziwa limeachilia kidogo.

Wafula, 10:30
Mimi nitatoka Eldoret Jumamosi. Alhamisi siwezi.

Nekesa Nakuru, 10:31
Mimi ruhusa ni ya Alhamisi!

Kevo (niko na Mama), 12:15
Mama anauliza, kitambulisho kikibadilika namba ya simu yake ya kupokea pesa itaharibika?

Nekesa Nakuru, 12:18
Namba ya kitambulisho haibadiliki Mama, ni tarehe tu. Baadaye tutaenda kwa duka la simu na SHA ya bima ya afya na benki wabadilishe tarehe pia. Moja baada ya nyingine.

Kevo (niko na Mama), 12:25
Anasema basi yeye kesho anaenda soko, ana kunde za kuuza. Mkiwa tayari mtamwambia.

MJOMBA BARASA, 14:50
SANDUKU LIKO. KUFULI IMESHIKA KUTU UFUNGUO ULIPOTEA NA MAMA YENU ANAJUA. DADA AJE MWENYEWE TUFUNGUE SOTE WAWILI. WATOTO WASIJE

Wafula, 14:58
Watoto ni sisi wa miaka 52.

Nasimiyu Kakamega, 15:01
Wafula, nyamaza leo tu.

Kevo (niko na Mama), 16:10
Nimemsomea Mama hiyo ya sanduku. Hajajibu. Ametoka nje, amekaa kwa kile kiti cha Kuka.

Nekesa Nakuru, 18:20
Basi tuseme Alhamisi nitakuja, nitapanda ya saa kumi na moja alfajiri, nishuke Turbo. Tutaanza na barua ya chifu. Sanduku waone wenyewe. Kiapo Jumamosi na Wafula, kama wakili atapatikana. Tumekubaliana?

Nekesa Nakuru, 19:02
Tumekubaliana?

Binamu Geoffrey Dubai, 21:47
Alhamisi ni kesho ama ile ingine?