Tupeane uzoefu: mliowapeleka watoto kwenye bustani kubwa za burudani, mlirudi na nini?

MamaWatatu (mtoa mada)

Habari za jioni wakuu. Naomba leo tuongee habari za watoto, maana kuna jambo linanikosesha usingizi.

Tuko Leicester, Uingereza, huu mwaka wa 9. Nina wa kiume miaka 10, binti miaka 6, na kitindamimba miaka 2 na nusu. Kwa miaka miwili mimi na baba yao tumekuwa tukiweka akiba kidogo kidogo, mimi nikichukua zamu za usiku za wikiendi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Pesa sasa imefika mahali pa kufanya jambo. Jambo moja lakini, si mawili.

Rafiki wa binti yangu darasani alipelekwa Disneyland Paris, akarudi na kibanio cha nywele chenye masikio ya Mickey. Tangu siku hiyo mlango wa friji yangu una mchoro wa kasri la waridi, na mbele yake watu watano wameshikana mikono. Watu wenyewe ni sisi, yule mfupi kabisa kachorewa nepi.

Upande wa pili yuko mama mkwe, Tanga. Magoti yamemkatalia, na huyu mdogo hajawahi kumpakata. Baba watoto anasema twende nyumbani, basi. Mimi kila nikifungua friji moyo unarudi nyuma.

Mliokwenda huko, iwe Paris, Florida, Dubai au hata Kunduchi, nielezeni ukweli. Watoto walifurahi kweli? Mlijuta? Sitaki matangazo ya biashara, nataka yaliyowakuta.

Mkazi wa Reading

Hongera kwa kujibana, mtoa mada. Sisi tulikwenda Paris mwaka juzi na sijutii hata senti.

Ila anza na pasipoti. Uingereza haimo kwenye Shengeni, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Watoto kama wana za Uingereza watapita, lakini wewe kama bado umeshika ya Tanzania unahitaji viza. Najua wengi wetu tumeishika kwa sababu nyumbani uraia wa nchi mbili hauruhusiwi. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na kituo cha kupokea maombi kina malipo yake juu ya hapo. Omba miadi mapema.

Treni ya Eurostar iliyokuwa ikitoka London moja kwa moja hadi pale ilisitishwa Juni 2023. Siku hizi unashuka stesheni ya Gare du Nord, Paris, unateremka chini kuchukua RER, zile treni za jiji, hadi Châtelet, halafu RER A mpaka mwisho wa reli, Marne-la-Vallée. Kwa watu wawili ni rahisi. Kwa masanduku matatu, kigari cha mtoto na binti anayetaka kukojoa, jipe muda wa kutosha.

Halafu kimo. Hapa ndipo watoto wengi hulia, maana wazazi hawaangalii kabla. Big Thunder Mountain, ile treni ya mgodini, wanataka sentimita 102. Ile ya angani gizani wanataka 120. Wapime nyumbani ukutani ili kila mmoja ajue mapema atapanda nini. Kwa yule mdogo kuna utaratibu wanaouita Baby Switch: baba anapanda na wakubwa, wewe unabaki naye, baba akishuka unapanda wewe bila kuanza foleni upya. Na aliye chini ya miaka 3 halipiwi kiingilio, kwa hiyo wa kwako bado ana miezi sita ya bure.

Usidanganyike kuwatoa shule ili upate bei ya chini. England faini sasa ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, zikipita siku 21 hujalipa inakuwa 160. Kwa wawili wako wanaosoma, jumla yake inameza hilo punguzo.

Sasa nikwambie kwa nini sijutii. Usiku wa kwanza, taa za kasri zimewaka, fataki zinapanda, nilikuwa nimembeba mwanangu mabegani. Alinishika masikio kwa mikono yote miwili asianguke, mikono inanata sukari. Hakusema kitu, na yule mtoto hanyamazi hata usingizini. Nilikuwa nafanya kazi mbili mwaka ule, tulikuwa tunaonana Jumapili tu. Zile siku mbili nilikuwa wake toka asubuhi hadi usiku.

Siku mbili zinatosha lakini. Ya tatu tulikuwa tunaburuzana.

BabaMapacha, Houston

Mimi niko upande wa mzee mwenzangu, baba watoto.

Tulikwenda Orlando mwezi wa Julai, mapacha wangu wakiwa na miaka 4. Sitaitaja bustani. Tiketi, hoteli, maegesho, chakula, kila kitu ni dola. Joto la Florida mwezi huo ni kama umefunikwa blanketi bichi. Na hakuna aliyeniambia kwamba kiangazi kule mvua ya radi huja mchana karibu kila siku. Radi ikikaribia, michezo yote ya nje inasimamishwa. Tulikuwa tumeshasimama kwenye foleni saa nzima na dakika 20, tumebakiza watu kama kumi mbele yetu, ikatangazwa imefungwa. Kulwa akalala chini kwenye sakafu, Doto naye kwa kuwa mwenzake kalala, akalala. Mimi na mama yao tukaanza kulaumiana mbele ya watu, jambo ambalo hatujawahi kufanya.

Tuliporudi niliwauliza walipenda nini zaidi. Wote wawili: bwawa la hotelini, na ile lifti iliyokuwa na kioo. Bwawa liko hapa mtaani kwetu, kiingilio dola chache.

Silaumu bustani. Nalaumu umri niliowapelekea. Miaka 4 walikuwa bado wanataka mama, maji na kulala mchana. Kama nitarudi, itakuwa wakifika 9 au 10, na itakuwa Januari.

Mtu wa Muheza

Bibi kwanza. Kasri halizeeki.

Mkazi wa Reading

Ni kweli mkuu. Lakini na mtoto wa miaka 6 hakai na 6 yake.

Binti wa Michenzani

Assalaam aleikum. Mie nipo Unguja, huko mnakokutaja sijafika, lakini naomba nichangie, kwa sababu mtoa mada kauliza watoto hufurahi na nini.

Sisi bustani yetu ni sikukuu. Siku nne za Idi, ikishasaliwa alasiri tu, watoto wote wa mjini njia moja: Mnazi Mmoja na Kariakoo. Nguo mpya, viatu vinabana lakini havivuliwi, mkononi kuna pesa za mkono wa Idi alizopewa na babu, shangazi, jirani, kila aliyemwamkia. Kuna pembea, kuna magurudumu, kuna urojo na aiskrimu, na wanasesere wa plastiki wamepangwa chini kwenye mikeka. Pemba wenzetu wana Tibirinzi.

Kitu ambacho nakiona kikubwa ni kwamba ile pesa ni yake mtoto. Mwanangu wa miaka 7 Idi iliyopita alisimama mbele ya pembea muda mrefu akihesabu: nikipanda mara mbili, sipati bastola ya maji. Akapanda mara moja. Mie nilikuwa nyuma yake nakereka, nikataka nimtolee, dada yangu akanishika mkono. Alirudi nyumbani kaikumbatia bastola yake kama kanunua shamba.

Huko kwenye bustani kubwa mzazi hulipa kila kitu mlangoni, mtoto hajui kilichotoka. Sisemi ni vibaya. Lakini hao wako ukienda nao Tanga wakati wa Idi, wataona watoto wenzao wanavyojifurahisha kwa pesa ya mkononi, na watacheza nao.

Wa Maskati

Sisi tumejaribu vyote viwili ndani ya mwaka mmoja, kwa hiyo naweza kulinganisha.

Mwezi wa pili tulikwenda Dubai, kwa gari, tukapita mpaka wa Hatta. Legoland ya kule imewekwa kwa watoto wa miaka 2 hadi 12, na hilo ndilo nililolipenda, maana kila mtoto alikuta cha kwake. Hali ya hewa mwezi huo nzuri. Usithubutu Julai, joto linapita nyuzi 40 na sehemu kubwa iko nje. Watoto walifurahi, siwezi kusema uongo.

Mwezi wa nane tukaenda Salala, kusini mwa Oman, wakati wa kharifu, msimu wao wa manyunyu, na tukamchukua mama yangu, mzaliwa wa Unguja aliyekuja Oman miaka ya 70. Kule wakati huo milima yote kijani, ukungu, manyunyu, ngamia wamekaa katikati ya barabara. Pembeni mwa njia kuna vibanda vya madafu na ndizi na mapapai, kama vile uko Bububu. Mama aliomba tusimamishe gari. Akachagua dafu mwenyewe kwa kuligonga na kulitikisa, akawafundisha wajukuu sauti ya dafu lenye maji mengi na ya nazi iliyokomaa. Tulikaa pale zaidi ya saa, wanatikisa madafu ya watu. Mwenye kibanda alikuwa akicheka.

Mwanangu mkubwa mpaka leo tukiingia sokoni anatikisa dafu kwanza. Za Dubai zimebaki picha kwenye simu. Sasa wewe pima.

MamaKisauni

Kwa walio Pwani ya Kenya na mfuko mwembamba: Haller Park, Bamburi, Mombasa. Mimi wanangu nimewapeleka mara nne na hawajachoka. Pale palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, jiwe tupu. Mwaka 1971 Rene Haller akaanza kupanda mivinje, akaleta jongoo wale majani yanayoanguka ili udongo upatikane. Wanangu wakishaelezwa hivyo hawakanyagi jongoo tena, hata nyumbani. Ngoja saa ya kulisha twiga. Unaweka chakula kiganjani, ule ulimi mrefu wa rangi ya zambarau unakizoa chote. Kifunga mimba wangu alipiga ukelele ukasikika hadi Mtwapa, kisha akasema, tena.

Mama wa Mmoja

Nitaandika kwa ufupi. Mwanangu ana usonji. Nilimpeleka kwenye bustani moja ya burudani kwa sababu kila mzazi alikuwa anapeleka. Muziki unatoka kila nguzo, watu waliovaa vichwa vikubwa wanamkaribia kumkumbatia. Alijificha chini ya benchi kwa dakika 40 ameziba masikio, na mimi nikalala chini pembeni yake kwa sababu hakukuwa na njia nyingine. Watu walikuwa wanatuvuka.

Baadaye nikajua kwamba bustani kubwa nyingi, Disneyland Paris ikiwemo, zina kadi ya kipaumbele kwa watoto kama wangu, unapeleka vyeti vya daktari na hukai kwenye foleni ndefu. Nawaomba wazazi wenye watoto wa aina hii waulize kabla ya kukata tiketi. Na kama mtoto wako hapendi kelele, mwamini. Hakuna deni la furaha unalomdai.

Niliyekulia Göteborg

Mimi ndiye huyo mtoto mnayemjadili, miaka ishirini na kitu baadaye.

Baba yangu alikuwa dereva wa basi Göteborg, Sweden. Kila kiangazi mara moja alitupeleka Liseberg, bustani ya burudani ya mjini iliyofunguliwa mwaka 1923. Mwaka 2003 walipofungua Balder, ile treni ya mbao, nilikuwa na miaka 9. Baba alikuwa mwoga wa urefu lakini alipanda nami. Ilipoanza kupanda mlima wa kwanza mbao zinalia kra kra kra, nikamsikia anasoma Baba Yetu kwa Kihaya. Pia kule kuna magurudumu ya bahati, unaweka hela kwenye namba na ukishinda unapewa chokoleti ndefu kama mkono. Hatukushinda hata mara moja, na kila mwaka alijaribu.

Baba alifariki 2018. Ile sauti yake kwenye Balder ninayo, na nashukuru aliitoa hela ile.

Lakini bibi yangu, mama yake, alifariki Bukoba mwaka 2009 na sikuwahi kumwona. Nilizungumza naye kwa simu mara chache, Kihaya changu hakitoshi, Kiswahili chake cha haraka. Nilipokwenda mwaka jana walinionyesha kaburi na mgomba aliokuwa anakaa chini yake. Binamu zangu walisimulia habari zake usiku kucha wanacheka, mimi nikiuliza, "Nani huyo?" na wao wakinijibu.

Liseberg bado ipo. Niliipita wiki iliyopita nikitoka kazini.

MamaWatatu (mtoa mada)

Wakuu nimesoma yote, mengine mara mbili mbili, hasa huyu wa Göteborg. Nilimsomea baba watoto, akatoka nje kidogo.

Tunakwenda Tanga, Julai, shule zikifungwa. Watoto wana pasipoti za Uingereza, viza zao dola 50 kila mmoja, hiyo nimeshaitenga. Mkubwa nimemwahidi mapango ya Amboni. Mama mkwe alipoambiwa ameuliza kitu kimoja tu, kama mdogo anakula samaki wa miba.

Binti nilimwambia jana usiku. Alilia, sitawaficha, na nilimwacha alie. Sikumwambia kwamba Tanga ni bora kuliko Disney, kwa sababu yeye ana miaka 6 na angejua nampoza. Nilimpeleka kwenye fremu ya mlango wa jikoni, tukachukua futi na penseli tukapiga mstari kwenye sentimita 102. Yeye ameshaupita, kafika 116. Mdogo wake bado kidogo cha kama mkono wa mtoto. Nimemwambia mdogo akiufikia mstari huu, tunaanza kuulizia tiketi, wote watano.

Leo asubuhi nimemkuta amemsimamisha mdogo wake pale mlangoni, amempa uji, anamwambia amalize.